Kompyuta Iliyomhurumia Mama

Wiki iliyopita nilinunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, kwenye duka moja la Kijenge, hapa Arusha. Kijana muuzaji aliniomba radhi kabla hata sijaiwasha.

"Mama, nisikufiche, hii imetoka Ujerumani. Vitufe vyake vimekaa kivyao. Z imekaa kwa Y, Y imekaa kwa Z, halafu kuna hizi herufi zenye vinukta. Nikubandikie stika za Kiingereza?"

Nilimwambia aviache vilivyo. Alinitazama kwa huruma, kama anayemwona mtu akiuziwa mbuzi kwenye gunia, akanifungia mzigo wangu.

Nyumbani niliifungua mezani, nikainamisha kichwa nikainusa. Ndiyo, niliinusa, mtu mzima mwenye watoto wawili na mkopo wa benki. Vumbi lililokaa kati ya vitufe lina harufu yake likipata joto, harufu kavu ya plastiki na karatasi, na mimi harufu hiyo naijua tangu meno yangu ya mbele hayajaota upya. Kilichokosekana ni vanishi tu. Ingekuwepo vanishi ningeweza kuapa kwamba nimekaa tena kwenye kigoda changu, kidevu mezani, namwangalia mama akichapa.

Mama alikuwa na meza moja kwenye kibaraza cha fundi cherehani, Ngarenaro. Kushoto kwetu cherehani, kulia karakana ya samani ambako vitanda na makabati yalipakwa vanishi kutwa nzima, na katikati sisi na kompyuta yetu. Aliwahi kuwa katibu muhtasi katika ofisi ya wageni, ofisi yenye mazulia, mpaka wageni wale walipomaliza shughuli zao wakafunga virago. Baba alikuwa Mererani akichimba mawe ya tanzanaiti, na kila aliporudi alirudi na vumbi jingi na ahadi nyingi. Kwa hiyo tulikula kwa vidole vya mama. Alichapa barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, ratiba za ibada ya mazishi, na mikataba ya viwanja ambayo nusu yake ilikuja kuwa kesi.

Kompyuta yenyewe ilitoka kwa Wajerumani. Usharika wetu ulikuwa na urafiki na usharika mmoja wa huko, nao walileta kontena lenye baiskeli, nguo za baridi ambazo mtu angezivaa tu akiwa kileleni Meru, na kompyuta kadhaa. Makarani wa usharika walizitumia kwa manung'uniko mpaka zilipopatikana nyingine. Hizo za zamani zikagawiwa aliyezitaka, na aliyezitaka alikuwa mmoja tu, mama yangu. Wengine wote walishindwa na kibodi.

Nami ndipo nilikuwa darasa la kwanza, nimejua kusoma juzi tu, na hakuna mtu mwenye kiburi duniani kuliko mtoto aliyejua kusoma juzi. Kigoda changu kilikuwa kifupi. Macho yangu yalilingana sawasawa na vitufe, kwa hiyo niliona jambo ambalo wateja waliosimama mbele ya meza hawakuliona. Mama alikuwa anakosea.

Alipotaka kuandika "yangu" kidole chake kiligusa Z. Alipotaka "mzazi" kiligusa Y. Siku mwenye bucha alipokuja kuandikiwa tangazo, mama alifika kwenye "ng'ombe" akagusa A yenye vinukta viwili kichwani, herufi ambayo mwalimu wetu hakuwahi hata kutuonyesha. Niliinua macho haraka kwenye skrini nione aibu itakavyokuwa. Hapakuwa na aibu. "Ng'ombe" ilikaa pale safi, na kile kialama chake cha juu mahali pake.

Nilifuatilia kwa siku nyingi, kimya kimya. Kitufe kibaya, herufi nzuri. Kitufe kibaya, herufi nzuri. Tena hakuviangalia kabisa vile vitufe. Alitazama karatasi ya mteja pembeni, au alitazama barabarani akijibu salamu, na vidole vikaendelea vyenyewe. Nikafikia uamuzi wangu. Mama hajui kusoma. Anabonyeza tu, na kompyuta, kwa wema wake, inamhurumia na kumsahihishia.

Leo naweza kueleza kilichokuwa kinatokea, na ni jambo dogo. Kompyuta haioni kilichoandikwa juu ya kitufe. Inachojua ni kwamba kitufe cha mahali fulani kimeguswa, na herufi itakayotoka inategemea umeiambia ifuate mpangilio wa lugha gani. Mama alikuwa ameiambia ifuate Kiingereza, kwa sababu vidole vyake vilijifunzia Kiingereza kwenye mashine za taipu za chuo cha uhazili. Yale maandishi ya Kijerumani juu ya vitufe kwake yalikuwa urembo. Lakini hayo nani angemweleza mtoto wa miaka saba, na angemwelezaje wakati mtoto mwenyewe hakumuuliza mtu?

Kwa kuwa nilikwisha kuamua, kila kitu kikawa ushahidi. Kanisani mama hakufungua kitabu cha nyimbo, aliimba beti zote akiwa amekifunga mkononi. Wateja wakileta mwandiko mbaya aliwaambia, "Hebu nisomee hapa umeandika nini," nami nikatazama chini kwa kumwonea aibu. Na mchana, wateja wakipungua, alifanya jambo lililonimaliza kabisa. Alichukua kitambaa cha kufuma, vile vya kufunikia televisheni, akakitandaza juu ya kibodi, akaingiza mikono chini yake, akawa anachapa huko ndani kusikoonekana. Nilifikiri anazifunika zile herufi kwa sababu zinamwudhi.

Kumbe alikuwa anajisomesha. Kila mwezi mzee mmoja wa kanisa alileta salamu za kupelekwa Ujerumani, zenye majina ya watu na ya miji, na mama hakukubali kuziandika nusunusu. Alibonyeza vitufe viwili kwa mkono wa kushoto, na chini pembeni ya skrini vile viherufi EN vikageuka DE. Hapo kibodi nzima ilibadilika chini ya vidole vyake bila kitufe hata kimoja kusogea. Z ilikuwa Z kweli, vinukta vilikuwa vinukta, na kwenye pembe za baadhi ya vitufe kulikuwa na alama ya tatu, ndogo, ambayo haikutoka mpaka dole gumba la kulia likandamize kitufe kilichoandikwa Alt Gr. Kwa njia hiyo aliipata ile alama ya barua pepe inayofanana na konokono. Ilijificha kwenye Q. Mambo yote hayo alijifunza bila mwalimu, na akataka ayajue bila kuangalia, kwa sababu chuoni kwao mwalimu alikuwa anawafunika mikono kwa kitambaa na kuwaambia kuwa mwandishi anayetazama vidole ni kama mpishi anayeonja kila dakika. Alikuwa na mipangilio miwili ya herufi kichwani, akihama kutoka mmoja kwenda mwingine kama sisi tunavyohama kutoka Kimeru cha nyumbani kwenda Kiswahili cha dukani.

Lakini mimi niliona kitambaa tu.

Siku moja alikuja mama mmoja wa makamo kuandikiwa barua ya kumwombea mwanawe nafasi ya shule. Ilipotoka kwenye printa, mama yangu akampa kalamu aweke sahihi. Yule mama akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna wino wa dole gumba. Vijana wawili waliokuwa wanasubiri zamu wakaangua kicheko.

"Dole zama hizi, mama?" mmoja akasema. "Hata mbuzi wa Sombetini siku hizi wanasaini."

Yule mama akajifunga upya khanga yake ambayo haikuwa imelegea. Mama yangu akasimama. Hakupaza sauti. Akawarudishia wale vijana karatasi zao, akawaambia, "Kazi yenu siifanyi. Nendeni." Sikuwahi kumwona amekasirika vile, na kwangu mimi hasira ile ilikuwa na maana moja tu. Wamemgusa penye kidonda.

Tangu siku hiyo nilijipa kazi. Sikumwambia mtu, hata rafiki yangu wa dawati moja, na kwa mtoto aliyekuwa anasema kila kitu kama mimi hilo halikuwa dogo. Tukitembea njiani nilimsomea mama kila kilichoandikwa. Duka la dawa. Usikojoe hapa. Tunauza vifaranga. Fundi simu yupo ndani. Kanisani nilikuwa nainua kitabu changu cha nyimbo hadi karibu na uso wake na kumwonyesha kwa kidole tulipofika. Hospitali nilimsomea mlango baada ya mlango. Yeye alinisikiliza, akasema, "Vizuri, mwanangu, endelea," na nilimpenda zaidi kwa jinsi alivyojua kujificha.

Kisha mambo yakabana. Fundi cherehani alitangaza kwamba mwanawe anamaliza mafunzo na atahitaji kibaraza. Tungehama baada ya Pasaka. Mama alizunguka kutafuta kibaraza kingine, akarudi na viatu vyenye vumbi na jibu lile lile. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba asipopata kazi ya kuajiriwa tutarudi kijijini, naye kompyuta ataifanyia nini kijijini kusikokuwa na umeme.

Ndipo akaja Bwana Manjit. Alikuwa Singasinga mzee mwenye kiwanda cha uchapaji, mzaliwa wa Arusha kama baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Ngarenaro kuliko chetu. Alivaa kilemba cha bluu na vidole vyake vilikuwa na wino usiotoka. Alikuwa amepata kazi ya kuchapa kijitabu cha lugha mbili, Kiswahili na Kijerumani, juu ya njia na chemchemi za Mlima Meru, kwa ajili ya wageni. Maandishi ya Kijerumani yalikuwa ya mkono. Wachapaji wake wawili, wenye vyeti, walikuwa wameshindwa. Waliruka vinukta vyote, na mwenye kazi akaikataa.

"Nimeambiwa kuna mama ana kompyuta ya Kijerumani," alisema. "Unajua Kijerumani, Mama Eli?"

"Sijui hata kuomba maji," mama akajibu. "Ila nikiletewa kilichoandikwa, nitakichapa kilivyo."

Alipenda jibu hilo. Akasema Jumamosi aje kiwandani, akae kwenye mashine za pale, achape ukurasa mmoja. Akifaulu, kazi si ya kijitabu tu, ni ya kudumu. Mama aliitikia kwa utulivu, lakini jioni ile aliimba akikuna nazi, na mama hakuwa mtu wa kuimba jikoni.

Mimi sikula. Nilikuwa nimeona shimo mbele yetu ambalo yeye hakuliona. Kompyuta yetu ilimzoea mama, ilikwisha kujua makosa yake yote na kuyasahihisha. Ya kiwandani haikumjua. Akibonyeza Z itatoka Z, na watu wote watacheka.

Alhamisi Bwana Manjit alipita tena kuleta karatasi za mfano. Mama alikuwa amevuka barabara kufuata chai. Nilisimama kwenye kigoda.

"Shikamoo."

"Marahaba, Eli. Mama yuko wapi?"

"Anakuja. Babu, naomba usimpe mama ule mtihani."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema uongo, kwamba anaumwa, lakini uso wake ulikuwa mpole mno, na ukweli ukanitoka. "Hajui kusoma."

Hakucheka. Aliinama akaniuliza kazi zote hizi anazifanyaje sasa. Nikamwonyesha. Nikambonyezea Z, ikatokea y. Nikambonyezea A ya vinukta, ikatokea kile kialama cha ng'ombe. "Inamsahihisha," nikasema. "Imemzoea. Ya kwako haijamzoea."

Mtu mwingine angenicheka na mambo yakaishia hapo. Lakini Bwana Manjit alikuwa mtu wa herufi za madini ya risasi, zile za kupangwa kwa mkono moja moja. Kompyuta za kiwandani aliwaachia vijana. Maisha yake yote ukiweka Z ya risasi unapata Z kwenye karatasi. Alibonyeza mwenyewe, polepole, mara nne au tano, na kila mara kompyuta ikatoa kitu kingine. Nikaona anavyoamini. Aliweka karatasi za mfano mezani, akaniwekea mkono kichwani, akaondoka kabla mama hajarudi na chai.

Jumamosi mama alivaa gauni lake la ofisini, la kijivu, lililokuwa kabatini tangu wageni waondoke, akajitupia kitenge mabegani kwa sababu asubuhi ilikuwa na ubaridi wa Meru. Nami nilimsomea njia nzima.

Bwana Manjit alitupokea mlangoni. Hakutupeleka kwenye kompyuta. Alitupeleka kwenye meza ndefu iliyokuwa na marundo ya karatasi, sindano na uzi.

"Mama Eli, nina kazi nzuri kwa ajili yako," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote. "Kukunja kurasa na kushona vitabu. Ni ya kudumu. Mikono tu, haina maneno mengi."

Mama alitabasamu, akidhani ni utani. "Mimi nimekuja kuchapa Kijerumani, Bwana Manjit."

"Hiyo tumeiahirisha kidogo."

Alikuwa hajui kudanganya. Zile karatasi za Kijerumani zilikuwa zimelala kwenye meza ya kompyuta nyuma yake, wazi, na kijana aliyekaa pale alikuwa anazitazama akikuna kichwa. Mama alizitazama. Akamtazama Bwana Manjit. Naye Bwana Manjit, kwa kukosa pa kuweka macho, akanitazama mimi.

"Eli," mama akasema. "Umefanya nini?"

Kiwanda kilikuwa na kelele, lakini nakumbuka kama vile mashine zote zilisimama. Nilisema nikitazama viatu vyangu. "Nimemwambia hujui kusoma. Ili usichekwe."

Sikuthubutu kuinua macho. Ninachojua ni kwamba nilitamani anipige, nami sikuwa mtoto wa kutamani kupigwa. Kisha nikasikia sauti yake, ya kawaida kabisa, ikimwambia yule kijana wa kompyuta, "Naomba kiti, mdogo wangu."

Kijana alimpisha. "Lakini dada, kibodi hii ni ya Kiingereza," alisema. "Zile herufi zao hazipo humu."

"Zipo," mama akasema. "Hazijaandikwa tu."

Aliingia mahali pa mipangilio, akafungua dirisha moja baada ya jingine kwa haraka, akaiongezea kompyuta ile lugha ya pili. Pembeni chini pakatokea DE. Kisha akavua kitenge chake mabegani na kukitandaza juu ya kibodi na juu ya mikono yake mpaka kwenye viwiko. Akageuza uso kuelekea zile karatasi za mwandiko wa mkono, akaanza.

Mimi nimewaona watu wengi wakifanya kazi zao vizuri. Nimemwona daktari akimtoa mwanangu tumboni, nimewaona wapagazi wakiteremka mlimani na mizigo kwenye mvua. Sijaona kitu cha kufanana na kile. Kitenge kilitetemeka kidogo tu, kama maji ya sufuria kabla hayajachemka, na kwenye skrini yakaendelea kupangika maneno ambayo hakuna mtu chumbani aliyeyaelewa, marefu, yenye vinukta vyake, yenye ile B ya mkia mrefu, herufi kubwa zikiinuka kila mahali. Kwenye kibodi ile herufi hizo hazikuchorwa popote. Zilikuwa kwenye mikono ya mama. Wakunjaji waliacha kukunja, wakaja kusimama nyuma yetu. Yule kijana wa kompyuta alikuwa amefungua mdomo.

Mstari wa mwisho ulipofika, mama hakutazama skrini. Alimwambia Bwana Manjit, "Mstari wa tisa kuna kosa. Kidole kidogo kimeteleza, nimekisikia."

Bwana Manjit akatoa karatasi kwenye printa, akaweka rula, akaenda nayo neno kwa neno dhidi ya ule mwandiko, akisogeza midomo. Ilimchukua muda mrefu kuliko mama alivyotumia kuchapa. Kosa lilikuwa mstari wa tisa. Halikuwepo jingine.

Aliivua miwani yake. "Mama Eli, nimekukosea."

"Hujanikosea. Umemwamini mtoto."

"Jumatatu saa mbili," alisema. "Na huyu wakili wako, mwache nyumbani." Watu wakacheka, hata mama akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika bega langu kwa nguvu.

Njiani sikumsomea chochote. Vibao vilipita, fundi redio, saluni, kuku wa kienyeji, nikavimeza vyote. Tulipofika kwenye daraja la mto Naura akasimama na kuegemea ukuta wake.

"Ulianza kufikiri hivyo lini?"

"Tangu nijue kusoma."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna. Bwana Manjit tu, kwa sababu ya mtihani."

"Na kunisomea vibao vyote hivyo kila siku?"

"Nilikuwa nakusaidia usijulikane."

Nilisubiri hasira. Badala yake mama alifunika uso kwa kile kitenge, mabega yakawa yanatikisika, nami sikujua kama analia au anacheka, na nafikiri yeye pia hakujua. Alipojifunua alikuwa ananitazama kana kwamba nimetoka safari ya mbali. Ndipo aliponiambia juu ya mama yake, bibi yangu wa kijijini Poli, ambaye hakuwahi kuingia darasani. Siku ya wazazi, mama akiwa darasa la nne, walimu walikuwa wanampa kila mzazi ripoti ya mwanawe na kumtaka aisome mbele ya wote. Mama alimwona bibi akiingia getini na kapu la ndizi mbivu kichwani. Akajua kitakachotokea. Akakimbia kujificha nyuma ya ua wa michongoma mpaka bibi alipoondoka. Nyumbani jioni alimwambia alikuwa ametumwa dukani na mwalimu.

"Wewe uliamini kwamba mimi pia sijui kusoma," mama alisema, "na hukunikimbia."

Sikuelewa uzito wake. Nilielewa tu kwamba sitapigwa, nikamshika mkono.

Jumapili baada ya ibada tulipanda Poli. Bibi alikuwa jikoni, kwenye moshi, anamenya ndizi za mchana. Tulimwamkia, akaitika, akauliza habari za baba na mawe yake. Mama hakukaa. Alisimama pale mlangoni na gauni lake la kanisani akasema kwamba kuna jambo la zamani anataka kulisema. Akalisema lote, siku ile ya wazazi, kapu, ua wa michongoma, na ule uongo wa dukani. Mwishoni sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto wa darasa la nne.

Bibi hakuacha kumenya. Ganda likateremka refu, likaanguka kwenye majivu.

"Nilikuona," alisema. "Niliona soksi chini ya ua. Nilizifua mwenyewe, nisizijue? Nikamwambia mwalimu nina mgonjwa nyumbani, nikaondoka mapema, upate kutoka. Miba ile ingekuchoma."

Mama alipiga magoti palepale kwenye vumbi na kulia, na mimi sikuwahi kabla ya siku hiyo kufikiri kwamba mama naye ni mtoto wa mtu. Bibi alimwacha alie. Kisha akachukua kisu kingine, akakifuta kwenye khanga yake, akamsogezea pamoja na beseni la ndizi.

"Menya," alisema. "Mtoto ana njaa."